Bastola Niliyomchagulia Gidamis

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha la askari wa wanyamapori, Ngorongoro, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mkuu wa Ghala alinipangia bastola tatu juu ya blanketi, akaniuliza ningebeba ipi kujilinda. Nikaonyesha ile kubwa kuliko zote.

"Umechagua ya kutisha," akasema. "Sisi tunachagua ya kumrudisha mtu kwake."

Alinifundisha kwa miaka. Bastola ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, hubeba risasi nyingi, lakini vumbi la kreta likiingia hukwama. Rivolva hubeba sita tu kwenye silinda yake inayozunguka, ila vumbi haliisumbui sana. Kaliba, yaani unene wa risasi, nayo ina mambo yake. Risasi nene ina nguvu, lakini teke lake humyumbisha mpigaji, na risasi iliyokosa shabaha haimlindi mtu.

Kisha Sajini Gidamis, mwenzetu wa doria, akatoka hospitali. Nyati alikuwa amemvunja mkono wa kulia, ukaunga bila nguvu. Mhifadhi wa Kanda alisema wazi kwamba asipofaulu shabaha atastaafishwa. Gidamis alikuwa na watoto watano, na kazi nyingine hakuijua.

Wiki tatu tulikwenda uwanja wa shabaha kila asubuhi. Bastola kubwa ilimpiga teke ikamponyoka. Ya magazini hakuweza hata kuikoki, yaani kuivuta ili risasi iingie tayari. Akaketi chini, akanipa mgongo. Nilijua analia. Nikajishughulisha kufuta mitutu niliyokwisha kuifuta.

"Jaribu kushoto, kaka," nikamwambia baadaye, nikampa rivolva ya thelathini na nane, kaliba ya wastani.

Siku ya mtihani, risasi tano kati ya sita ziliingia kwenye karatasi ya shabaha. Mhifadhi aliyahesabu matundu kwa kidole. "Aende kituo cha Kakesio," akasema.

Huko Kakesio, miezi michache baadaye, jangili alimrukia kwa panga kutoka kichakani. Gidamis alipiga mara moja, pajani. Kisha akamfunga jeraha kwa mkanda wake mwenyewe, akakaa naye mpaka gari likafika. Wote wawili walipona.

Aliporudi ghalani aliiweka rivolva mezani. "Nimempiga mtoto wa watu," akasema.

"Na wewe ndiye uliyemzuia asife, afande."

Nikachemsha chai. Tulikaa hadi akamaliza kikombe chake.

Sasa nimestaafu, naishi Karatu, mtaa mmoja na yeye. Vijana wenye vibali vya kumiliki silaha huniuliza bastola ipi ni bora. Nawajibu: ile uliyoizoea, unayoisafisha, unayoifungia mbali na watoto, ambayo kila siku unaomba usiitumie.

Mkono wa kulia wa Gidamis umekufa ganzi kabisa siku hizi. Jumapili nampitia kabla ya kanisa, namfunga vifungo vya shati. Hunyanyua kidevu akatazama dari, ananisimulia habari za mahindi yake, nami huenda taratibu, maana hatuna tena wa kutuhimiza.