Mshenga wa Darasa la Katiba

Mathayo alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko ibara yoyote ya Katiba: asimpelekee mtu mzima maneno makavu. Aliirithi kwa baba yake, mshenga mashuhuri wa vijiji vya Kiomboi, aliyeweza kupokea tusi kwa wakwe wa upande huu akalifikisha upande wa pili likiwa salamu. Kwenye posa hicho ni kipaji. Mathayo alihama nacho mpaka chuo cha sheria pale Utemini, na darasa, kwa kupendezwa na mdomo wake, likamchagua kuwa mwakilishi.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa suti. Aliivaa hata siku ya kufyeka majani. Wenzake walimwita Mheshimiwa kwa utani, naye aliitika bila kutabasamu.

Sheria ya Katiba ilifundishwa na mwalimu Amosi, mzee aliyekaribia kustaafu. Alisoma ibara moja baada ya nyingine kwa sauti ileile, wanafunzi wakanakili. Mtihani, uliotungwa nje ya chuo, ukaja na habari nyingine: mwenyekiti wa kijiji amemtoa mkulima nje ya mkutano kwa kuhoji michango, haki gani imevunjwa, na umshauri nini? Wanafunzi walizijua ibara kwa namba. Wazifanyie nini, hawakujua.

Muhula wa pili kati ya mitatu ya kozi ulipoanza, mzee akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi.

"Nataka kujua somo langu linawashinda wapi," alisema. "Zungumzeni mimi nikiwa sipo, mwakilishi aniletee. Nitapanga ratiba upya." Akatoka, akafunga mlango.

Wa kwanza kusema alikuwa Rahel, mama wa watoto wawili aliyefunga duka lake Kiomboi ili asome.

"Mwambie anatusomea tu. Katiba hata mimi naweza kuisoma huku nasonga ugali."

Watu wakacheka.

"Taratibu, dada Rahel," Mathayo alisema.

"Taratibu ya nini? Muhula uliopita nilifeli, nikarudia mtihani, nikapita kwa kuchechemea. Nikifeli tena nadisko, chuo ndiyo basi. Mwambie tunataka mazoezi ya migogoro, kama mtihani unavyouliza. Utasema hivyohivyo?"

"Nitasema."

"Usiende kupaka mafuta."

"Dada, mimi si ndiye mwakilishi wenu?"

"Mheshimiwa," Derick alimtupia kutoka nyuma, "ukifika usianze na hotuba."

Alianza na hotuba.

"Shikamoo mwalimu. Kwanza kabisa, kwa niaba ya darasa, napenda kutoa shukrani za dhati kwa..."

"Marahaba. Shukrani ziweke. Wamesemaje?"

Mathayo akamtazama mzee, mvi zake, kalamu yake iliyokuwa tayari. Ulimi ukageuka wenyewe.

"Wanasema wanaelewa, mwalimu. Labda ukipata nafasi, mifano kidogo ingenogesha."

"Kunogesha tu? Nilifikiri nitenge siku mbili za mazoezi. Yule Rahel, kwa mfano, naona kama amekwama."

"Hapana mwalimu. Anaendelea vizuri."

"Basi niache ilivyo. Nashukuru kwa kunieleza ukweli."

Akarudi darasani kifua mbele. "Nimefikisha," akatangaza. "Amepokea vizuri sana." Kweli alikuwa amefikisha kitu na kilipokelewa vizuri, ila hakikuwa kile alichotumwa. Uongo wa namna hii watu huuita adabu, na anayeusema hulala usingizi mzuri.

Wiki zikapita, mzee akiendelea kusoma ibara. Rahel alipouliza, Mathayo alimjibu kwamba wazee wana utaratibu wao, apewe muda. Rahel hakwenda mwenyewe kwa mwalimu. Kumrudia mzee kwa jambo aliloambiwa tayari kungekuwa kumsuta, naye alilelewa asisute.

Mtihani ukaja na migogoro yake. Mathayo akaponea chupuchupu. Rahel akafeli.

Alikwenda kumuaga mwalimu, na ndipo akauliza kwa nini hawakupewa mazoezi waliyoomba. Mzee akavua miwani. Akamwambia alichoambiwa, neno kwa neno.

Rahel alimkuta Mathayo getini, ndani ya suti.

"Ulimwambia naendelea vizuri?"

"Dada, sasa ningemwambiaje mzee wa watu kwamba hafundishi?"

"Kwa mdomo huohuo."

"Sikutaka kumvunjia heshima."

"Alikuuliza, Mathayo. Alikuuliza mwenyewe, kwa jina langu."

Mathayo akarekebisha tai. Rahel akabeba begi lake akaenda stendi.

Mwalimu Amosi sasa anafundisha kwa mazoezi siku mbili kila wiki, na darasa jipya linafaulu. Rahel ameondolewa chuoni akiwa amebakiza muhula mmoja, na chuo hakitampokea tena.