Shujaa wa Kampuni Nyingine

Juzi kwenye basi la Thorncliffe Park, mtaa wetu huku ughaibuni, kaka na dada wadogo walikaa mbele yangu na wanasesere wao, mashujaa wa sinema. Dada alitaka wa kwake aende vitani pamoja na wa kaka yake.

"Haiwezekani," kaka alisema kwa Kiingereza. "Wako anamilikiwa na kampuni nyingine ya filamu."

"Lakini kwenye kitabu cha katuni ni marafiki!"

"Hicho ni kitabu. Hii ni sinema."

Msichana akamlaza shujaa wake mapajani, midomo ikaanza kumtetemeka. Bibi yao, aliyekuwa akisinzia katikati yao, akafumbua jicho moja.

"Bwana kampuni," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "kwani huwezi kumwazima mpaka tushuke?"

Mvulana akafikiri kama mkurugenzi. "Sawa. Lakini adui namchagua mimi."

"Adui ni mimi," bibi akajibu, akajifunika uso kwa mtandio na kunguruma.

Mashujaa wote wawili wakamrukia, na basi zima likacheka.

Sasa nasikia kampuni kubwa za filamu zenyewe zimekubali kuazimana shujaa. Najiuliza tu, kwenye kikao chao, ni bibi wa nani aliyekaa katikati.