Daftari Lipo kwa Familia

Msimamizi wangu alinirudishia sura ya tatu ya tasnifu ikiwa nyekundu tupu. Nilikuwa naandika juu ya zamu za maji mashambani Rujewa, nyumbani kwetu, na yeye alitaka kitu kimoja: chanzo cha msingi, maneno ya mtu aliyekuwepo. "Hawa wote uliowanukuu wanasimulia walichosimuliwa," alisema. "Bila hicho hupiti."

Basi nikahamia maktaba ya chuo, hapa Iringa. Wenzangu walishamaliza wakaenda zao. Siku nzima mtu pekee niliyesema naye alikuwa mkutubi. Alinifundisha kuchuja kwenye kanzidata: weka alama kwenye barua, shajara, mahojiano. Majibu yanakuja chungu nzima, ukifungua ni makala inayonukuu makala. "Shuka chini kwenye tanbihi, dada," akaniambia. "Mwenyewe yuko huko."

Siku ya nne nikakuta makala iliyonukuu sentensi mbili za mkulima mmoja mwanamke wa Rujewa: Leo maji yamefika jaruba la mwisho. Nimengoja simu ya mwanangu, haijaita.

Jaruba la mwisho, kile kipande cha mpunga mwishoni mwa mfereji, lilikuwa la kwetu. Mama alikuwa akiandika zamu za maji kwenye madaftari yangu ya shule yaliyobaki kurasa, na mimi nilikuwa namcheka, eti hata karani wa kijiji haandiki hivyo. Aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba kuna mgeni alikuja kuyasoma. Nilimwitikia "ee, mama" huku nafanya mambo yangu.

Alipofariki, baada ya matanga nilisafisha nyumba peke yangu, maana sina ndugu. Madaftari yalikuwa kwenye kona, panya wameanza kuyala. Niliyachoma pamoja na pumba za mpunga. Msomi mzima, nikayachoma bila kufungua hata moja. Mpaka leo sijajisamehe.

Mkutubi akaja kuchungulia. "Umepata?"

"Nimepata."

"Chanzo chenyewe kiko wapi, tukiombe?"

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome tanbihi mwenyewe: Daftari lipo kwa familia, Rujewa.

"Basi rahisi," alisema, akachukua kalamu. "Unaweza kupata namba ya simu ya hiyo familia?"

Nikamtajia ya kwangu, tarakimu moja moja, naye akaiandika.