Hesabu Moja Hadi Tatu

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Kanisani huinuka kabla ya baraka ya mwisho, chai huniunguza ulimi kila asubuhi, na mtu akianza sentensi mimi huwa nimeshaimalizia kichwani. Mke wangu husema nilizaliwa nimevaa viatu. Kumpa mtu wa namna hii leseni ya redio ya ridhaa, yaani sisi tunaozungumza hewani kwa kupenda tu, ni kumpa mbuzi ulinzi wa shamba.

Aliyenifundisha ni fundi simu mstaafu anayeishi Butiama. Ndiye aliyenieleza kwamba mawimbi ya VHF, tunayotumia sisi, husafiri kama jicho linavyoona: kilima kikikaa katikati, pandisha antena au funga mdomo. UHF, yenye mawimbi mafupi zaidi, hujipenyeza vizuri kati ya nyumba za mjini, lakini ikikutana na kilima hufa mapema zaidi. Hayo niliyaelewa kwa siku moja. Kilichonishinda ni kitu kidogo tu, kwamba mwenzako akiachia kitufe cha kuongelea usibonyeze chako papo hapo. Uhesabu moja hadi tatu kwanza.

“Acha nafasi,” aliniambia kila tulipokutana. “Ukishabonyeza wewe husikii kitu. Na mwenye nguvu anamfunikaga mnyonge. Sasa kama kuna mtu ana shida, na karedio kake ni kadogo, ataingilia wapi?”

Nilimjibu “ndiyo, mzee”, nikahesabu moja, nikabonyeza.

Mzee huyo anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na goti lake la kulia haliaminiki. Kwa hiyo redio yake ndogo ya mkononi haimtoki kiunoni, hata akienda bafuni. Saa moja kila asubuhi tulikuwa tukisalimiana watu watatu: yeye Butiama, mimi Musoma, na mwalimu mmoja wa hesabu, mama wa Bunda, ambaye hata darasani nasikia hapandishi sauti.

Jumamosi moja niliamka na antena mpya. Nilikuwa nimekata fito za pazia za aluminiamu, nikazipanga sita kwenye ubao mmoja, na mlingoti wake ni mwanzi niliouchukua Mwigobero sokoni. Antena ya aina hiyo hukusanya nguvu na kuzisukuma upande mmoja. Niliielekeza kusini, Bunda, na Butiama haiko mbali na mstari huo. Nilikuwa na kiherehere cha kusifiwa, nisifiche.

Saa moja ilipofika, mwalimu aliitika. Mzee kimya. Nikasema hewani, “Mzee leo amelala,” nikaendelea na habari zangu. Mwalimu akanipa tano-tisa, maana yake unaeleweka bila shida na nguvu yako imejaa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilieleza urefu wa kila ufito. Nilieleza nilivyoukwaruza mwanzi. Akiachia kitufe, mimi nimeshabonyeza. Ilikwenda hivyo karibu nusu saa, na chai yangu ikapoa.

Mke wangu akaniita nishike kuku aliyeingia jikoni. Niliachia kitufe, nikaweka kipaza sauti mezani katikati ya maelezo. Niliporudi, mwalimu alikuwa akisema polepole, “Kaka, usibonyeze. Kuna mtu. Nilishasikia mkwaruzo mara nne, na kila nikitaka kukuambia unakuwa ulishaanza kuongea. Nyamaza tu.”

Nikanyamaza. Sijui kama nimewahi kunyamaza hivyo. Moja, mbili, tatu, na kwenye mkwaruzo ikatoka sauti ya mzee, nyembamba, imechoka: ameanguka nyuma ya nyumba, mguu hauinuki, simu iko ndani, lango la ua amelifunga kwa ndani.

Mwalimu alimpigia simu jirani wa mzee, kiongozi wa kanisa, naye jirani akaruka ukuta. Mimi nilichukua pikipiki. Barabarani nilikuwa nikigombana na kila lori lililokuwa mbele yangu, nikiwapigia honi watu wasio na kosa lolote. Mwenye kosa nilikuwa nimempakia mwenyewe. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika ni la mkuu.

Niliwakuta hospitali. Mwalimu naye alikuwa ameshafika, alipita Kiabakari kwa gari la kuazima. Nilitaka nigombezwe. Nilijiandaa njia nzima kugombezwa, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nimeyapanga na kuyatupa. Mzee alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, redio yake bado iko kiunoni kwa sababu aliwakatalia manesi wasiiondoe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikauliza alikuwa ameanguka saa ngapi. Akasema kabla ya saa moja kidogo. Nikahesabu mwenyewe dakika, miguu yangu ikicheza chini ya kiti. Nikamuuliza kwa nini hakukata tamaa ya redio akapiga kelele majirani wasikie. Akaanza kujibu, na safari hii sikummalizia sentensi.

“Nilikuwa najua utaacha nafasi,” akasema. “Nilikuwa nakusikia tano-tisa. Hiyo antena yako ni nzuri sana.”