Wifi Rosalia Alisema Ameshiba

Si kweli kwamba tulimnyima chakula wifi yangu Rosalia, dada wa marehemu mume wangu, aliyeuza maranda ya maseremala kule Keko. Mwaka 1943, mwaka wa njaa, alitembea hadi kwetu Temeke, akatukuta mezani. Nilimkaribisha.

"Nimeshiba, wifi," alijibu, kama tulivyofundishwa sote kuujibu mwaliko wa kwanza.

Mwaliko wa pili sikuutoa. "Basi kaa pembeni, wewe uliyeshiba, usituhesabie matonge," nilimwambia, na watoto wakacheka.

Alisubiri mpaka sufuria ikasuguliwa, ndipo akaaga. Juma lile lile alikufa. Waliomwosha walisema tumbo lilikuwa limegusana na mgongo.

Alikaribishwa, akakataa. Anayetaka zaidi akamwulize yeye. Mimi sisemi tena.