Pafu la Sesilia Ndani ya Mota

Kornelio Komba ni fundi wa Chang'ombe, anasuka upya mota za umeme zilizoungua, huu mwaka wa ishirini na mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi imeungua. Wenzake hutandika karatasi tupu kwenye mifereji ya chuma ya mota, kisha hulaza waya wa shaba. Yeye hubandika karatasi, plastiki ya eksirei, halafu karatasi tena, akaloweka vyote kwa vanishi na kuoka. Karatasi peke yake hunywa unyevu, plastiki peke yake hukunjamana kwa joto. Vikishikana, umeme utahangaika weee, hauoni pa kupenya.

Majirani wanalijua hilo, kwa hiyo humletea eksirei zao kuukuu, za waliopona na za marehemu. Kornelio hazichungulii. Huzilaza chini ya godoro zinyooke.

Sasa jamani, na mkewe Sesilia naye picha ya pafu lake akaiweka wapi? Chini ya godoro hilohilo. Ilikuwa na doa dogo, na daktari alikuwa amemwambia arudi nayo baada ya miezi mitatu, waone kama doa linakua.

Siku ilipofika Sesilia alipekua mpaka akachoka.

"Baba Monica, picha yangu hujaiona?"

Kornelio akakaa kitandani. Aliikumbuka vizuri. Ilikuwa mpya, ngumu, hata aliifurahia. Alikuwa ameikata vipande ishirini na vinne kwa ajili ya mota ya Mudathir, mwenye mashine ya kusaga.

"Ipo kwa Mudathir," alisema. "Inasaga sembe."

Sesilia akamwonyesha mlango kwa kidole.

Kornelio akaenda mbio. Mudathir alishangaa: "Lakini fundi, mbona inafanya kazi vizuri?" Kornelio akaifungua hivyohivyo, akaahidi kuisuka upya bure. Alikata waya, akavuta, akachokonoa kwa bisibisi. Vanishi ilikuwa imekamata kila kitu. Vipande vilitoka vimegandana na karatasi, na alipovipangusa kwa thina, vanishi ikatoka na picha ikatoka nayo. Laiti angekuwa fundi mbovu kidogo tu.

Daktari alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, hakucheka. Akaagiza picha mpya. Doa lilikuwepo.

"Ukubwa wa lile la kwanza haukuandikwa popote," alisema. "Siwezi kujua kama limekua. Rudini baada ya miezi mitatu mingine."

Walitoka nje, wakasimama kwenye jua.

"Miezi mitatu, Baba Monica."

"Ndiyo."

"Kama linakua, tumelikalia."

"Najua, mke wangu. Nisamehe."

Sesilia akamkabidhi bahasha yenye ile picha mpya.

"Shika," alisema. "Hii nayo kakate."

Kornelio akaipokea. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, na jasho lilipomwingia machoni hakujifuta.