Hodi Tatu za Mishomoroni

Jumamosi nilikuwa dukani Mishomoroni nikingoja chenji, akaingia mke wa daktari wa macho, yule mgeni aliyekuja na familia yake kututibu bure mwaka mzima. Nje tuktuk ilikuwa imejaa masanduku. Walikuwa wanarudi kwao. Akamwamkia jirani yake, mama mtu mzima aliyekuwa akinunua unga.

"Shikamoo." Kisha akacheka. "Nitawakumbuka watoto wa hapa. Nasikia hodi, hodi, nikifika mlangoni hamna mtu."

Mama akautua unga juu ya kaunta. "Si watoto, mwanangu. Ni mimi. Nilikuwa nakuletea mahamri."

"Sasa mbona ukaondoka?"

"Nimepiga hodi tatu, kimya. Nisimame mlangoni pa mtu asiyenitaka?"

"Lakini nilikuwa nakuja! Nilikuwa navaa viatu tu." Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ungeitikia karibu, wallahi ningengoja hata uvae na soksi."

Mumewe daktari tulimfundisha kuuliza "unaumwa wapi?" mpaka akauliza kama mzaliwa wa hapa Kisauni, maana hilo lilitufaa sisi. La mlangoni hatukumfundisha mtu. Tulikaa barazani tukasema wageni wale wanaringa.

Tuktuk ilipoanza kuondoka, yule mwanamke alitoa kichwa nje, akapaza sauti: "Karibu, mama! Karibu!"

Mama akaitikia inavyopasa, "Ahsante, nishakaribia."

Mlango wenyewe wa nyumba yao ulikuwa umeshatiwa kufuli.